Lita Ishirini, Kisha Kimya

Wiki ya tatu ya uanagenzi, Lunga Lunga,
kiwanda cha kutia rangi mablanketi.
Nimepewa helmeti yenye jina la mtu mwingine,
daftari la mistari, saa ya kuhesabia sekunde,
na agizo moja la Mhandisi Wachiuri,
mkono wake tayari kwenye mlango wa gari:
"Tafuta maji yanakokwenda."

Mchana yanakwenda kila mahali.
Yanaingia boila yakiwa bubu, yanatoka yakipiga mluzi,
yanapanda kwenye mapipa, yanashuka na rangi,
Jumanne mekundu, Alhamisi samawati;
Mto Ngong unaijua ratiba yetu kuliko wateja.

Kwamboka wa boila alinifundisha kusikiliza mitego ya mvuke:
ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni.
"Mzima hubofya, kama mtu anayetafuna njugu.
Mgonjwa hulia mfululizo, kama mtoto asiyejua anataka nini."
Chuoni jambo hili tulipewa kwa mlinganyo.
Mlinganyo ulikuwa sahihi.
Haukuwa na sikio.

Kumi na minne niliisikiliza. Sita ilikuwa inalia.

Lakini mita ya getini ilikuwa na lake.
Kila Jumatatu ilinizidi hesabu,
na Jumapili hatufanyi kazi.
Basi Jumamosi nikaomba kulala kiwandani,
nikafunga vali moja moja, nikazisaini kwa chaki,
nikachuchumaa mbele ya mita na tochi ya simu,
soksi mbili, uji wa chupa.

Saa nane usiku sindano ikaondoka.

Ikatembea, ikasimama.
Ikatembea tena.
Nikaandika, nikaandika, mpaka tarakimu zikanitazama:
lita ishirini, kisha kimya.
Lita ishirini, kisha kimya.
Kila dakika tatu.

Bomba lililopasuka halipumziki.
Bomba lililopasuka halijui ishirini.

Nikaufuata ukuta wa nyuma, upande wa Mukuru,
nyuma ya marobota yaliyokataliwa kwa kuchuja rangi.
Palikuwa na tofali moja pungufu,
na mpira mweusi ukipita hapo kama mkia.
Ng'ambo, minong'ono ya foleni:
"Songa, Mama Achitsa, wewe umeshapata."
Mlio wa maji ukapanda, ukapanda,
jinsi mtungi unavyopanda ukikaribia shingo,
kisha mtu akabana.

Nikamulika kiungo upande wetu.
Utepe mweupe, umezungushwa mara saba,
ncha yake imekunjwa ndani, nadhifu, isifumuke.
Nimeuona mkunjo huo siku ishirini.
Katika kiwanda kizima
ni mtu mmoja tu anayemaliza utepe hivyo.

Nilizima tochi.
Sijui nilisimama kwa mitungi mingapi.

Jumapili nikapiga hesabu:
mitungi mia na ishirini kwa usiku,
lita elfu mbili na mia nne.
Mitego sita ikitengenezwa,
lita elfu moja na mia mbili kwa siku zinarudi kwenye boila,
tena za moto, hazihitaji kuchemshwa upya.
Nikarudia hesabu ileile mara tatu,
kama mtu anayetafuta ruhusa.

Jumatatu, jedwali langu:
Mahali. Kiasi. Sababu.
Mitego sita nimeijaza yote, kwa mwandiko wa mtihani.
Mstari wa saba una mahali, una kiasi.
Nje, gari la Wachiuri linarudi nyuma kuegeshwa.

Kwamboka akapita na chupa ya sampuli,
akasoma ukurasa ukiwa kichwa chini,
akakaa kwenye kisanduku kile kitupu
muda wa mtungi mmoja hivi.
"Kalamu imeisha wino?"

Akachomoa yake kwenye nywele,
akailaza juu ya jedwali,
akaenda kupima chumvi ya boila.